Usiku Usio na Usingizi

Jioni hii twataka kusema na ndugu wanaotibiwa ugonjwa wa saratani, pamoja na wale wanaowauguza. Mchana wageni huja, tukaimba na kuomba pamoja. Lakini usiku, nyumba ikiwa kimya, mgonjwa hubaki macho mpaka jogoo wawike. Wengi hulificha jambo hili, kwa sababu wamekwisha kuambiwa kwamba mwenye imani hulala kwa amani.

Hebu tutazame Zaburi ya 77. Asafu alikuwa mwimbaji katika ibada ya Mungu, naye alikosa usingizi kwa taabu hata akashindwa kunena. Alimwuliza Mungu maswali mazito. Hatusomi humo kwamba alikemewa. Basi, ndugu mpenzi, kukosa usingizi si dhambi, wala si dalili ya imani haba.

Tena mara nyingi sababu imo katika matibabu yenyewe. Wengi wanaotiwa dawa za saratani hupewa pia deksamethasoni ili wasitapike, nayo huweza kumnyima mtu usingizi, hasa akiimeza jioni. Usiiache kwa shauri lako mwenyewe, bali mwulize daktari kama yafaa kuimeza asubuhi. Maumivu nayo usiyavumilie kimya, mweleze. Vidonge vya usingizi visinunuliwe ovyo wala kuombwa kwa jirani.

Yapo pia mambo ya kufanya nyumbani. Amka saa ile ile kila siku. Asubuhi keti nje penye mwanga, utembee kidogo ukiweza. Ukijinyosha mchana, usipite nusu saa. Chai na kahawa ziishie adhuhuri. Usiku, usingizi ukikataa kwa dakika 20 hivi, usigaegae kitandani. Ondoka, keti kitini, soma au omba polepole, kisha urudi macho yakiwa mazito. Usipoweza kuinuka peke yako, mwite mtu.

Nanyi mnaouguza, asubuhi msiulize tu kama mgonjwa amekula. Ulizeni pia kama amelala. Mkifuatana naye hospitali, mtajieni daktari jambo hilo, maana mgonjwa mwenyewe huenda akaona haya kulisema.

Asafu hakupata jibu la kila swali lake. Alikumbuka jinsi Mungu alivyowapitisha watu wake katikati ya maji, na hapo moyo wake ukapata mahali pa kushika. Sisi nasi tuna Mungu yule yule.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke walio macho usiku huu. Uwape madaktari hekima, na wauguzi uvumilivu. Utujalie sisi tulio wazima tusiwatwike wagonjwa mzigo wa lawama. Na kabla usingizi haujaja, wewe mwenyewe uwe karibu nao. Amina.