Tunaangalia Big Brother, na hatuombi musamaha

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kasongo na wenzetu waliotoka Kabambare



Niliombwa niseme juu ya "vijana na burudani mubaya". Kichwa hicho sikukichagua mimi. Kila kiangazi, masomo yakifungwa, tunasikiaka neno lilelile: vijana wanakesha kwenye vibanda vya video, wanaangalia watu waliofungiwa ndani ya nyumba wakila, wakigombana, wakilala. Hata ndani ya harakati yetu kuna wanaotaka tukatazane. Mimi nasema wazi: emisio hizo ninazipenda. Ninazipenda sana.

Utamu wake ni nini? Watu wanaingia sawa, kila mutu na sanduku lake. Sheria inajulikana tangu siku ya kwanza. Jumapili mutu anatoka, wote wanaona, hata akiwa na sura nzuri. Kibandani huyu analia, yule anaruka, na mwenye grupu anapiga kelele kwamba mafuta inaisha. Kiingereza wengi wetu hatukielewi, lakini hatukosake mutu wa kufasiri, na pale asipoelewa anatunga. Ndiyo maana Big Brother yetu ya Kasongo ina ndoa mbili ambazo wenye emisio hawakuzijua.

Wakubwa kati yetu wanakumbuka 2013. Big Brother Africa ya mwaka ule ilianza 26 Mei, ikaisha 25 Agosti: siku 91, kiangazi chote. Mushindi alikuwa Dillish Mathews, binti wa Namibia, akabeba dola 300.000. Namibia haikufika hata watu milioni tatu, na Nijeria ilikuwa mulemule na wingi wake wote. Namna gani inchi ndogo ikashinda? Juu kila inchi yenye mushindani ilikuwa na sauti moja tu. Aliyependwa zaidi katika inchi ile njo alichukua sauti yake. Kisha wanaonyesha mbele ya wote: Kenya imempa huyu, Uganda imempa yule.

Na Kongo? Tangu 2003 mpaka 2014, misimu tisa, inchi yetu haikuwa na mushindani hata mumoja. Kura zetu zilitiwa katika kikapu kimoja na inchi zingine zote zisizokuwa na mutu. Kikapu kile kilipewa jina: Afrika iliyobaki.

Sasa mutazame hapa. Administrateri wa teritware, awe wa Kasongo awe wa Kabambare, anateuliwa kutoka Kinshasa. Hatumuweki, hatumutoi. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwa Maniema ni Kindu. Sisi wa huku njo tuliobaki.

Mutu akiniambia emisio hizo zinaharibu akili, ninamuuliza: akili ya nani? Nilimusikia fundi wa pikipiki, hata diplome hana, akiuliza pale kibandani: "Hawa wanaonyesha sauti ya kila inchi. Kwa nini mimi siku ya kura nilikuta ukuta mutupu?" Sheria ya uchaguzi inaomba matokeo yabandikwe mbele ya biro ya kura. Swali lile halikutoka kwenye semina yetu hata moja, na tumefanya semina nyingi.

Sisemi kule ni mbinguni. Zamani kura ya SMS ililipiwa. Mwenye uniti nyingi alipiga nyingi. Lakini bei ilijulikana. Kwetu, Januari 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, na kati ya makosa kulikuwa kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Na kule anayetolewa anarudi kwao na sanduku lake. Wenzetu waliokimbia Salamabila walitoka nyumbani bila mutu kuwapigia kura, wengine bila sanduku.

Kwa hiyo pendekezo la kukatazana ninalikataa. Siku hizi ni Big Brother Naija, inaanzaka Julai, na Jumapili kibanda kinajaa kuliko mukutano wetu wowote. Basi mukutano uende kule. Mwenye kibanda amekubali atupe saa moja kabla ya emisio, tukilipa nusu ya mafuta. Saa hiyo tuanze orodha ya watu wa kusimama kwenye biro za kura 2028: kila biro watu wawili, na simu yenye chaji ya kupiga picha ya matokeo. Wa Kabambare watatuambia biro gani zinafikika na zipi hazifikiki. Wao wanajua njia kuliko sisi.

Daftari iko kwa dada aliyeketi pale mulangoni. Mukutano saa moja ya magaribi. Saa mbili emisio inaanza, na hapo musiniulize tena mambo ya uchaguzi.