Mwanamke na Vyuma Vizito
Msikilizaji, wanaume walianza kushindana kunyanyua vitu vizito katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896. Wanawake waliruhusiwa Sydney, mwaka 2000. Miaka 104 ya kunyimwa nafasi! Na hadi leo msichana akiingia jimu huonywa kwamba atajaa misuli kama mwanamume. Si kweli. Homoni ya testosteroni, inayochangia sana kukuza misuli, ni kidogo mno mwilini mwake. Atakachopata ni nguvu, na mifupa imara itakayomfaa sana hedhi ikishakoma. Hidilyn Diaz wa Ufilipino, akishindana uzito wa kilo 55, aliinua kilo 127 juu ya kichwa jijini Tokyo mwaka 2021, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Wazazi, waacheni mabinti wanyanyue.