Rubondo na Ngezi: Nani Anayelipa Gharama ya Msitu?

Hotuba ya Mweka Hazina katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kwa kawaida mweka hazina akisimama hapa husoma mapato na matumizi, watu wakapiga makofi, kisha pilau. Hesabu za mwaka huu zimechapwa nyuma ya kitabu hiki. Msomeni kwa nafasi zenu na mtuulize. Leo tunaomba kusema habari ya safari.

Mwaka huu sisi wachache, kwa nauli zetu wenyewe, tulikwenda Rubondo, kisiwa cha Ziwa Viktoria, upande wa Geita. Tuliondoka Mwanza, tukafika Kasenda, na hapo tukapanda boti. Sisi watu wa visiwa tulikaa kimya kwa mshangao: maji yamejaa hadi upeo wa macho, lakini hayana chumvi!

Kisiwa karibu chote ni msitu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna viboko, mamba, na nzohe, yule swala wa kwenye matete. Sokwe si wenyeji. Walitolewa katika bustani za wanyama za Ulaya na kuachiwa humo baina ya 1966 na 1969, kwa juhudi za Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeandika sana juu ya Serengeti. Wanyama waliozaliwa au kukulia vizimbani wakajifunza kula matunda ya mwituni, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Faru nao walipelekwa, lakini majangili wakawamaliza. Kwa hiyo maji peke yake si ukuta.

Jambo lililotukaa rohoni zaidi ni jengine. Rubondo waliishi watu, wavuvi na wakulima, wakahamishwa miaka ya 1960 ili kisiwa kiwe cha wanyama. Leo mlinzi wa Rubondo hana jirani ndani ya kisiwa. Mshahara wake, mafuta ya boti, bunduki yake, vyote vinaonekana vitabuni.

Sasa tuje kwetu Ngezi. Msitu huu ni mabaki ya misitu iliyofunika sehemu kubwa ya Pemba kabla haijakatwa kupisha mikarafuu. Ndani yake kuna ndege na mimea isiyopatikana popote duniani ila Pemba. Lakini Konde, Makangale na Tondooni hakuna aliyehamishwa, na inshaallah hatohamishwa mtu. Gharama ya kuulinda Ngezi, basi, iko wapi? Tumeitafuta katika hesabu hatukuiona. Iko kichwani mwa mama anayeupita msitu uliojaa kuni kavu, akaenda kununua mzigo wa kuni sokoni. Yeye ndiye mfadhili mkubwa wa Ngezi, na hajawahi kupewa risiti.

Na tusiambiwe kuwa haiwezekani. Popo wetu wakubwa, wanaoishi Pemba tu, mwishoni mwa miaka ya 1980 ilidhaniwa wanakaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji wenyewe wakaunda vilabu vya kuwalinda. Kufikia 2011 walihesabiwa zaidi ya 20,000. Kidike leo wageni hulipa kiingilio kuwatazama popo ambao zamani waliishia chunguni. (Wazee mnaocheka hapo mbele, tunajua mliwala.)

Kwa hiyo kamati inaomba mchango wa mwaka huu uende katika mambo mawili. La kwanza ni kitalu cha miche ya mivinje na mikeshia, igawiwe bure kwa nyumba zilizo kando ya msitu, ipandwe mashambani na mipakani, ili kuni zipatikane nje ya Ngezi. Miti hii hukua haraka, lakini haikui kwa wiki. Tutahitaji kuchangia miaka kadhaa, na hilo tunalisema mapema. La pili ni gari la kuwachukua wanafunzi wa skuli zetu kwenda Ngezi na Kidike, kwani wako watoto wa Wete na Chake Chake wanaomjua simba wa kwenye televisheni na hawajamsikia bundi wa Pemba akilia.

Bahasha ziko mezani kwa katibu. Andikeni jina na kijiji, hata kwa shilingi elfu mbili, na msiondoke bila risiti.