Kila Mahali na Utambulisho Wake: Kuoanisha Taarifa za Mahali katika Kumbukumbu za Serikali

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, masheha na wananchi wa Unguja na Pemba)

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Viongozi,
Masheha wetu,
Mabibi na Mabwana,



Nazungumzia jambo ambalo kwa sura ya nje linaonekana kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini kwa hakika linamgusa kila mwananchi anayekwenda kwa sheha wake kutaka barua, na kila mtumishi anayejaza fomu yenye nafasi iliyoandikwa "Shehia". Jambo hilo ni namna Serikali inavyopatambua mahali katika kumbukumbu zake.

Ndugu Mwenyekiti,

Visiwa vyetu ni vidogo, lakini majina ya mahali yanajirudia. Ipo Michenzani ya mjini Unguja, na ipo Michenzani ya Wilaya ya Mkoani, Pemba. Ipo Kinyasini ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, na ipo Kinyasini ya Wilaya ya Wete. Katika mazungumzo yetu ya kila siku hapana tatizo, kwani anayesema "nakwenda Kinyasini" hufahamika kwa pale aliposimama na gari anayoingojea. Kompyuta haina fahamu hiyo. Inaona herufi tu. Ikikuta "Kiembesamaki" kwa neno moja katika faili hili, na "Kiembe Samaki" kwa maneno mawili katika faili jengine, itahisabu kuwa ni mahali pawili mbalimbali. Ndipo yanapozaliwa makosa ya aina mbili: mahali pawili kuhisabiwa kuwa ni pamoja, na mahali pamoja kuhisabiwa mara mbili.

Huenda mtu akasema kwamba dawa yake ni kutumia namba. Namba husaidia, lakini peke yake haitoshi. Tuutazame Mkoa wa Mjini Magharibi. Katika sensa mkoa huu una namba 53. Katika orodha ya kimataifa ya ISO umeandikwa TZ-15. Postikodi zake huanza na 71. Hakuna hata moja katika namba hizo iliyo ya makosa. Kila moja ilitungwa kwa kazi yake. Lakini faili lenye 53 likikutanishwa na faili lenye 71, hakuna kitu ndani ya mafaili hayo kinachoeleza kwamba yote mawili yanazungumzia mkoa ule ule. Anayejua ni ofisa aliyezoea kazi hiyo. Akihamishwa au akistaafu, huondoka na elimu yake.

Ndugu Mwenyekiti,

Njia iliyopatikana ya kuondosha tatizo hili inaitwa data unganishi. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti mwaka 1989 alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, aliandika kanuni zake nne mwaka 2006. Kwa lugha nyepesi, kanuni hizo ni hizi:

(a) Kila kitu kinachozungumzwa kipewe utambulisho wake wa pekee.
(b) Utambulisho huo uandikwe kwa sura ya anwani ya intaneti, ili mtu yeyote aweze kuufungua.
(c) Anayeufungua akute maelezo yenye manufaa, kwa mpango unaosomeka na kompyuta.
(d) Maelezo hayo yaonyeshe uhusiano wa kitu hicho na vitu vyengine.

Tukizitumia kanuni hizi, kila mkoa, wilaya, shehia, skuli na kituo cha afya kitakuwa na anwani yake moja ya kudumu. Anayeifungua anwani ya shehia atakuta jina lake rasmi, namna nyengine jina hilo linavyoandikwa, wilaya iliyomo, mipaka yake, na tarehe mipaka hiyo ilipoanza kutumika. Vile vile atakuta maelezo kwamba shehia hii ndiyo ile ile yenye namba fulani katika sensa na yenye postikodi fulani. Kwa hivyo hakuna ofisi inayolazimishwa kutupa namba zake za zamani. Kinachotakiwa ni kila ofisi kuutaja utambulisho wa pamoja kando ya namba yake.

Jambo la pili ambalo utaratibu huu unalitengeneza ni la wakati. Katika Sensa ya mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na wilaya 10, na Wilaya ya Magharibi ilihisabiwa kuwa na watu 370,645. Ilipofika Sensa ya mwaka 2022 wilaya zilikuwa 11, kwa kuwa ile ya Magharibi ilikwishagawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B. Mtu akilinganisha sensa hizi mbili kwa majina tu, ataona kwamba wilaya kubwa imetoweka, na nyengine mbili zimezuka bila ya historia. Katika data unganishi, wilaya ya zamani hubaki na utambulisho wake, ukiwa na tarehe ya kukoma na maelezo ya wilaya zilizotokana nayo.

Wenzetu wa Uingereza wanao mfano wa namna hiyo. Tangu mwaka 2011 maeneo yao ya utawala hupewa alama zenye tarakimu na herufi 9. Mwaka 2018 mpaka baina ya Fife na Perth and Kinross, huko Scotland, ulirekebishwa. Majina yote mawili yalibakia vile vile, lakini kila eneo lilipewa alama mpya, ili hesabu za mpaka wa zamani zisichanganywe na za mpaka mpya.

Ndugu Mwenyekiti,

Faida ya jambo hili haiishii katika usafi wa mafaili. Mwaka 2012 ulianzishwa hapa Zanzibar utaratibu wa kufuatilia wagonjwa wa malaria. Mgonjwa akigunduliwa katika kituo cha afya, taarifa hupelekwa kwa simu, na ofisa wa wilaya hufuata mpaka nyumbani kuwapima wanaoishi naye. Kazi hiyo ni ya kushindana na siku. Mahali pakiandikwa vibaya, ofisa atafika kwenye shehia isiyo yenyewe, na wale wanaopaswa kupimwa watabaki na vimelea mwilini, huku mbu wakiendelea kuwauma wao na jirani zao. Hali ni hiyo hiyo kwa kipindupindu: orodha ya wagonjwa na orodha ya visima zisipozungumza lugha moja ya mahali, haitaonekana upesi ni kisima kipi cha kufungwa.

Kwa hivyo napendekeza mambo matano yafuatayo:

Kwanza, liwepo daftari moja la marejeo la mahali, na ofisi moja ikabidhiwe dhamana ya kulitunza.

Pili, utambulisho ukishatolewa usibadilishwe, wala usipewe mahali pengine hata kama pa mwanzo pamefutwa. Aidha, usibebe ndani yake namba ya wilaya, kwani shehia ikihamishiwa wilaya nyengine utambulisho huo utakuwa unasema uongo.

Tatu, katika fomu za kompyuta mahali pachaguliwe kutoka katika orodha ya daftari hilo, pasiandikwe upya kwa mkono.

Nne, utambulisho wa mahali usigeuzwe kuwa njia ya kumfichua mtu. Shehia, skuli na kisima ni vya kutangazwa. Maradhi ya mwananchi na nyumba yake ni siri ya kuhifadhiwa.

Tano, masheha washirikishwe tokea mwanzo. Wao ndio wanaojua kwamba kijiji kimoja huitwa hivi na wazee na vile na vijana, na ni kiambo kipi kilichohamia upande wa pili wa barabara.

Napenda kuwatoa wasiwasi wananchi kwamba hakuna jina la mji wala kijiji litakaloondoshwa. Majina ni urithi wetu, na yatabaki katika vinywa vyetu na katika daftari pia. Utambulisho ni wa kuzisaidia kompyuta zielewane. Nanyi watumishi wenzangu, mtakaporejea maofisini mwenu, itazameni ile nafasi ya "Shehia" katika fomu zenu, na mjiulize iwapo mtu wa ofisi nyengine, ambaye hajapata kufika hapo, ataweza kujua kwa yakini ni shehia ipi iliyokusudiwa. Kama hataweza, basi kazi yetu ianzie hapo.