Pango Gani Linawafaa Vijana wa Mara ya Kwanza?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya ziara za mapango, kwa sababu vikundi kadhaa vimeweka akiba ili vijana wao wa miaka 13 hadi 17 wapelekwe wakati wa likizo. Ni jambo zuri. Kijana aliyeingia gizani na tochi yake, akasimama kumngoja mwenzake anayeogopa, amejifunza kitu ambacho semina zetu hazifundishi, hata zile zenye chai na mkate.

Lakini kamati nyingi huanza kwa kuuliza: pango lipi ni maarufu? Au, basi ni pesa ngapi? Sisi twasema swali la kwanza ni hili: yule mtoto mwoga kuliko wote, au yule mwenye pumu, akishindwa katikati ya pango, tutamtoaje? Pango ambalo hamna jibu lake, liacheni.

Mnakumbuka habari za Thailand. Tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya mpira na kocha wao kijana waliingia katika pango la Tham Luang. Mlangoni palikuwa na kibao cha kuonya juu ya mafuriko kuanzia Julai. Juni ilikuwa haijaisha, kwa hiyo walijiona wako salama. Mvua haisomi kibao. Maji yalijaa nyuma yao, wakapatikana baada ya siku 9, na wa mwisho akatolewa tarehe 10 Julai. Mpiga mbizi mmoja aliyekwenda kuwaokoa alikufa humo.

Msiseme hayo ni ya ng'ambo. Bonde la Hell's Gate kule Naivasha si pango, lakini kuta zake zimebanana vilevile. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwaua vijana 7 wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini, na Septemba 2019 yakaua watu 7 wengine. Mahali pa namna hiyo mvua yaweza kunyesha huko juu mbali, na nyinyi chini mko kwenye jua.

Sasa tazameni likizo zetu. Ya Aprili iko katikati ya masika. Ya Novemba huanguka kwenye vuli. Sehemu nyingi, basi, inabaki Agosti. Ila ukienda upande wa Mlima Elgon, hata Agosti hunyesha, kwa hiyo waulizeni wenyeji, msiitegemee kalenda ya ukutani.

Na tukitaja Elgon, kuna pango la Kitum, ambalo ndovu huingia usiku kuchokoa chumvi ukutani. Ni ajabu ya kuona. Hata hivyo mwaka 1980 mtu mmoja, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15, walifariki kwa homa ya Marburg baada ya kulitembelea. Baadaye wataalamu walivipata virusi hivyo kwa popo wala-matunda katika mapango ya Uganda. Hatusemi kila popo ni mgonjwa. Twasema chumba kilichojaa popo na mavi yao si cha watoto wa mara ya kwanza. Pengine mtawakuta popo wachache: msiwaguse, msilie chakula humo, na mkitoka mnawe mikono kwa sabuni.

Mkituuliza sisi, kikundi cha bara tungekipeleka Suswa. Mapango yake yaliachwa na uji wa moto wa volkano, na paa limebomoka mahali pengi, hivyo mwanga wa jua hauko mbali sana. Wako Wamaasai wanaoyajua wa kuwaongoza. Mawe ni makali, basi viatu vya kufunga, si malapa, na barabara ni vumbi tupu. Walio pwani wana Shimoni, ambako watumwa walifungiwa, na hapo historia yenyewe ni somo la siku nzima. Leviathan kule Chyulu, zaidi ya kilomita 10, waachieni waliozoea. Vijana wataling'ang'ania hilo. Wakatalieni.

Watu wazima wawili watangulie kulitazama pango lenyewe, hata kama nauli inauma. Siku ya safari kila kijana awe na tochi yake na betri za akiba, awe na kofia ngumu, na mtu mmoja abaki nje akijua saa ya kurudi. Ingieni mpaka pale mwanga wa mlango unapoanza kupotea, zimeni tochi dakika moja, kisha geukeni. Anayetaka kurudi mapema arudi na mtu mzima, bila kuchekwa.

Fomu za ruhusa ya wazazi ziko ofisini kwetu kila Alhamisi asubuhi. Mje na majina yote, na mseme nani ana pumu au kifafa.