Kibao Kimsemee Mhudumu



Mimi ni muuguzi, kwa hiyo huenda mlitarajia niwaonyeshe picha za mapafu yaliyoharibika. Leo sikuja na picha. Nimekuja na jambo nililoliona juzi asubuhi katika mkahawa mmoja wa hapa Mombasa, ambao sitautaja.

Mzee mmoja nadhifu, kanzu yake imepigwa pasi, aliagiza chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi. Alipomaliza kula akawasha sigara. Meza ya pili alikuwapo mhudumu akipangusa, binti mdogo, mimba yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Feni ya darini ilikuwa inaupeleka moshi wote upande wake. Nikamwona anavuta mtandio hadi puani, huku mkono mwingine unaendelea kupangusa. Macho yetu yalipokutana, akatabasamu, akaushusha mtandio haraka, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu.

Tabasamu lile halijanitoka.

Sheria tunayo. Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na mwaka 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Ni marufuku kuvuta mkahawani, sokoni, hospitalini, shuleni, penye ibada na ndani ya gari la abiria. Anayekiuka hupigwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Hata kuuza sigara moja moja kumekatazwa. Pakiti isiwe na chini ya sigara 10. Lakini tembeeni mtaani muone. Pakiti iko wazi dirishani mwa kibanda, na kando yake kibiriti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye msumari, kinaning'inia pale pale anapofikia mtoto wa darasa la nne.

Sasa niulize: mzee yule angeambiwa na nani azime? Na yule binti? Sisi watu wa pwani tumelelewa tusimkosoe mkubwa mbele za watu. Malezi hayo nayapenda, na wanangu nimewalea hivyo hivyo. Ila tuangalie mzigo wake unamwangukia nani. Anayeuvuta moshi wa wengine kwa muda mrefu zaidi ndiye asiyeweza kusema: mhudumu anayeshinda humo kutwa nzima, makanga anayemwogopa tajiri wake, mtoto aliyepakatwa, mgonjwa wa pumu aliyebanwa kiti cha nyuma. Mteja anakaa nusu saa, analipa, anakwenda zake. Wao wanabaki.

Na wanabaki na sumu. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji. Walikaa tu karibu na wanaovuta. Dirisha halitoshi kuwakinga, na feni kazi yake ni kuusambaza moshi.

Kwa hiyo mwenye mkahawa, jambo hili liseme wewe. Usimwachie binti. Weka kibao cha kukataza sigara mlangoni, uondoe visahani vya majivu mezani, maana kisahani cha majivu kinamkaribisha mtu avute. Na mgeni akisahau, mwendee mwenyewe kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, niwie radhi, humu ndani hatuvuti." Mkubwa ni jalala; atalipokea neno hilo, hasa likitoka kwa mwenye nyumba. Mkihofia kupoteza wateja, kumbukeni Ireland. Mwaka 2004 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi, hata kwenye baa, na wale ni watu wanaopenda baa zao kama sisi tunavyopenda baraza zetu. Wateja walitoka nje kuvuta, kisha wakarudi vitini mwao.

Ndugu zangu mnaovuta, nataka mnisikie vizuri, kwa sababu nimelelewa na mmoja wenu. Baba yangu alijaribu kuacha mara tatu akashindwa. Mara ya kwanza aliitupa pakiti baharini tukivuka Likoni kwa feri, mbele ya macho yangu, nami nikafurahi mno. Jioni ile ile akanituma kibandani nikamnunulie sigara mbili. Nilikuwa na miaka minane. Nikaenda. Baba akikutuma utakataaje?

Mara ya nne alianza mwezi wa Ramadhani. Alisema kama anaweza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila sigara, basi shida yake ni saa za usiku tu. Mama akamwekea iliki na karafuu kwenye kikopo kidogo, awe anazitafuna kila hamu inapomjia. Lakini yeye mwenyewe alituambia baadaye kwamba waliomwokoa ni wenzake wa baraza. Walikubaliana kuwa pale kwenye benchi la kahawa hakuna atakayewasha sigara. Anayetaka kuvuta ainuke, aende mbali, akimaliza arudi. Wawili kati yao, kwa kuchoka kuinuka, wakaacha na wao.

Ndiyo maana mimi siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili. Benchi lisilo na moshi lilimkinga asiyevuta, na hilo hilo likawa dawa ya anayetaka kuacha.

Siku za kwanza ni ngumu, sitawadanganya. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ubongo ulioizoea huidai: usingizi unakatika, hasira za bure, kichwa kinauma. Lakini hamu ikija hudumu dakika chache, halafu hupita. Baada ya saa 12 kiwango cha monoksidi ya kaboni katika damu kinakuwa kimeshuka. Ukitimiza mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Wanaovuta huku wakitafuna majani ya muguka waviache vyote kwa pamoja, maana kimoja humwita mwenzake. Ukirudi nyuma, anza tena. Baba yangu alianza mara nne. Ukihitaji msaada, piga namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; hailipiwi.

Na kwenu viongozi wa afya mlioketi hapa mbele: chingamu na vibandiko vya nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Mgonjwa wangu akiniuliza avipate wapi, nataka nimwelekeze kwenye dirisha la dawa la zahanati yetu.

Vibao viko mezani pale mlangoni, karibu na birika la chai. Vidogo ni vya matatu. Vibandikwe nyuma ya kiti cha dereva, abiria wote wavione. Na mwenye mkahawa ule, kama uko nasi, nakuomba uchukue viwili, kimoja cha mlangoni, kingine cha ukuta ulio karibu na ile feni.