Tuangalie na Ndimi Zetu



Akina mama, wazee na vijana wa jumuiya ndogo ndogo, leo nataka tuongee juu ya ulimi. Si ule wa masengenyo, huo Padre ameshausema. Nasema ulimi wenyewe, ile nyama.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna shida yetu. Maji ya visima vingi huku Nakuru yana floraidi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa meno yake huota yakiwa ya kahawia. Basi anakua akifunika mdomo kwa kiganja. Hata mbele ya daktari anaufungua nusu, na ugonjwa wa ulimi unajificha hapo hapo.

Mzee mmoja wa upande wa Molo, mvutaji wa siku nyingi, alikaa na kidonda pembeni mwa ulimi miezi mitano akinyonya karafuu. Hakikumuuma sana, ndiyo sababu alikipuuza. Kilipopimwa kilikuwa saratani, ikabidi sehemu ya ulimi ikatwe. Jameni, kidonda kikipita wiki 2 bila kupona, hata kama hakiumi, nenda hospitali. Hasa wewe wa tumbaku na pombe.

Sasa ule utando mweupe. Kwa mtoto mchanga, maziwa yakipanguswa hutoka. Utando wa ukungu hung'ang'ania. Usimsugue kwa chumvi, mama, utamtoa damu. Kuna dawa ya matone. Mtu mzima akiwa nao, majirani husema mara moja ni Ukimwi. Kweli yaweza kuwa dalili, na dawa za kupunguza virusi zipo, kwa hivyo pima. Lakini pia hutokana na kisukari, au antibiotiki, au meno ya bandia yasiyosafishwa. Jirani si maabara.

Ulimi mwekundu, laini kama kioo, unaowasha ukila pilipili, mara nyingi ni upungufu wa damu au vitamini. Na ule wenye mabaka kama ramani, yanayohama leo hapa kesho pale, hauna neno. Si uchawi wala hauambukizi.

Ukifika kliniki, mwambie daktari kimeanza lini na dawa unazomeza. Asipoangalia chini ya ulimi, mwombe aangalie. Akitaka kukata kipande kidogo akapime, usitoroke: hukutia ganzi kwanza.